Pikipiki ya magurudumu manne si kitu cha kuchezea mtoto

Tuseme umewapeleka watoto Pwani wakati wa likizo ya Disemba. Asubuhi ya pili, mkiwa bado mezani mnakunywa chai, kijana wako wa miaka 12 anarudi mbio kutoka langoni. Ameona pikipiki za magurudumu manne zimepangwa pale nje na watoto wa rika lake wamezipanda. "Baba, hata mimi naweza. Mwenyewe amesema hakuna shida." Unatoka naye. Mwenye mashine anakuonyesha inavyowashwa, anakutajia bei, kisha anakupa karatasi utie sahihi. Maelezo yote yamechukua dakika tatu. Wewe una dakika moja ya kuamua.

Makala haya yanakusudia kukusaidia katika dakika hiyo moja.

Mashine yenyewe

Pikipiki ya magurudumu manne, au kwadi kama wengi wanavyoiita, ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, misitu na nyika ambako gari la kawaida halipiti. Kampuni ya Honda ilianza kuuza ile ya magurudumu matatu nchini Marekani mnamo 1970. Katika miaka ya 1980 zikafuata za magurudumu manne. Zile za matatu zilipinduka na kuumiza watu wengi mno, hata mwaka wa 1988 watengenezaji wakubwa wakakubaliana mahakamani na serikali ya Marekani kwamba wataacha kuziuza.

Wengi walidhani kwamba gurudumu la nne limemaliza tatizo. Halikulimaliza. Tume inayosimamia usalama wa bidhaa nchini humo imehesabu zaidi ya vifo 14,000 vilivyotokana na mashine hizi tangu 1982. Katika kila watu watano waliokufa, mmoja hivi alikuwa hajatimiza miaka 16.

Hapa kwetu kwadi ni chache zikilinganishwa na bodaboda. Mkazi wa mjini huikuta labda mara moja kwa mwaka, ufukweni Diani au Watamu, kule Naivasha, ama katika bustani za burudani kandokando ya Nairobi. Jambo hilo lisikutulize. Anayeikalia kwa mara ya kwanza, tena akiwa na furaha ya likizo na ndugu zake wakimtazama, ndiye hasa anayeweza kuanguka.

Kwa nini hupinduka?

Ukiitazama, kwadi yaonekana imara kuliko pikipiki kwa kuwa haihitaji kusawazishwa. Husimama yenyewe. Lakini ukiichunguza utaona mambo manne.

Kwanza, imeinuka sana kutoka ardhini ilhali upana wake ni mdogo. Uzito wa mashine na wa mwendeshaji umekaa juu. Gurudumu la upande mmoja likipanda kisiki, au mwendeshaji akikata kona kwa kasi, uzito huo huhamia upande wa nje na mashine yote huufuata.

Pili, katika kwadi nyingi magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja nzima, yakazunguka kwa mwendo mmoja. Gari lako halikuundwa hivyo. Linapokata kona, gurudumu la nje huzunguka upesi kuliko la ndani. Kwadi ya namna hii hukataa kupinda mpaka mwendeshaji ausogeze mwili wake upande wa kona ili gurudumu la ndani lipate kuteleza. Hii ni kazi inayotaka nguvu, kimo na mazoezi.

Tatu, magurudumu yake ni mapana na laini. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban 30 kwa kipimo cha mafundi, ilhali la kwadi mara nyingi huhitaji kama 5 tu. Ulaini huo hufaa mchangani na matopeni. Kwenye lami, tairi hushika vibaya, mara hung'ang'ania, mara huachilia, na mashine hupinduka bila ya kutoa onyo. Kwa hiyo yule anayesema, "Nitaiendesha tu hapa barabarani mpaka hotelini," amechagua mahali pabaya zaidi.

Nne, kile kiti kirefu. Watu wengi hukiona na kudhani ni cha abiria. La. Kiti kimerefushwa ili mwendeshaji apate nafasi ya kujisogeza mbele anapopanda mlima na nyuma anapoteremka. Ukimpakia mtu wa pili, unakuwa umemnyang'anya mwendeshaji nafasi hiyo, na uzito wa abiria hukaa nyuma. Mlimani magurudumu ya mbele huinuka na mashine kuwaangukia wote wawili kifudifudi. Ziko chache zilizoundwa mahususi kwa watu wawili, nazo zimeandikwa hivyo. Nyingine zote ni za mtu mmoja, hata kama huyo wa pili ni mtoto mdogo umempakata mbele yako. Huko mbele ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa mtoto huzuia mikono yako, na mkianguka wewe ndiwe unayemwangukia.

Mwili wa mtoto

Kwadi ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300 na zaidi. Mtoto wa miaka 10 ana kilo 30 hivi. Mtu mzima akiegemea upande mmoja, mashine huhisi uzito wake. Mtoto akiegemea, mashine haina habari.

Aidha, mikono ya mtoto haifiki vizuri kwenye breki, na miguu yake haikai sawasawa kwenye vikanyagio. Katika kwadi nyingi mafuta hutolewa kwa kubonyeza kijiti kwa kidole gumba. Mtoto akishtuka hukaza mkono, na akikaza mkono gumba hubonyeza. Pale alipotaka kusimama, mashine huruka mbele.

Kuna pia suala la akili. Sisemi kwamba watoto wetu hawana akili! Lakini uwezo wa kupima kasi, umbali na hatari hukomaa polepole, na huendelea kukomaa hata baada ya ujana kuanza. Kijana wa miaka 14 aweza kuwa wa kwanza darasani na bado asijue kwamba kilima kile kimemzidi.

Ndiyo maana Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimeshikilia kwa miaka mingi kwamba asiyetimiza miaka 16 asiendeshe kwadi ya aina yoyote. Watengenezaji nao wana mpango tofauti. Hugawa mashine kwa umri, zikiwepo za kuanzia miaka 6 zisizozidi kilomita 24 kwa saa, na za kuanzia miaka 10 zisizozidi kilomita 48 kwa saa. Za watu wazima ni za miaka 16 na kuendelea.

Utamfuata nani? Madaktari huwaona watoto wakati wamekwisha kuumia, na rai yao ndiyo iliyo salama zaidi. Lakini hata ukiufuata mpango wa watengenezaji, utaona kwamba pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: kijana wako wa miaka 12 hana ruhusa ya kuikalia mashine ya mtu mzima. Wala huhitaji kubishana na mwenye biashara. Kwadi za kampuni zinazojulikana huwa na kibandiko cha onyo, mara nyingi karibu na tangi la mafuta au juu ya bawa la gurudumu. Kimeandikwa umri unaoruhusiwa na kama abiria anakubaliwa. Kisome. Kikiwa kimebanduliwa, jiulize ni kwa nini.

Madaktari huona nini?

Jeraha linaloua zaidi ni la kichwa. Mwendeshaji hutupwa, kichwa hugonga jiwe au shina la mti, na ubongo hutikisika au damu huvuja ndani ya fuvu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kwa waendesha pikipiki, helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kichwa kilicho juu ya kwadi ni kichwa kile kile.

Jeraha la pili ni la kubanwa. Kwadi hupinduka na kumlalia mtu. Kifua kilichokandamizwa hakiwezi kupanuka na kuvuta hewa, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Mtoto akiwa peke yake hana nguvu ya kuisukuma. Kwa sababu ya vifo vya namna hii katika mashamba, Australia iliamua kwamba kuanzia Oktoba 2021 kila kwadi mpya ya kazi inayouzwa nchini humo iwe na kifaa nyuma yake cha kuizuia isimlalie mwendeshaji.

Tatu ni tumbo. Usukani ukimgonga mtoto tumboni, bandama au ini laweza kupasuka. Hili ni jeraha la hila. Mtoto huinuka, hujipangusa mchanga, husema hajambo. Baada ya saa chache tumbo huuma, uso hufifia na kuwa mweupe, jasho jembamba humtoka. Damu imekuwa ikivuja ndani muda wote.

Nne ni miguu. Waliozoea baiskeli hushusha mguu chini wanapoona wanaanguka. Kwenye kwadi, mguu ulioshushwa hukamatwa na gurudumu la nyuma. Mguu ukae juu ya kikanyagio, hata ukiogopa.

Sheria yasemaje?

Watu wengi hufikiri kwamba kwa kuwa kwadi ni kitu cha starehe, sheria haiijui. Sheria ya Trafiki ya Kenya haisemi habari za starehe. Chombo chochote kinachoendeshwa kwa injini kikiingia katika barabara ya umma lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na bima ya kuwalipa watu wengine watakaoumia, na anayekiendesha awe na leseni. Aliye chini ya miaka 16 hawezi kupewa leseni ya chombo chochote. Kwa hiyo mtoto anayetoka hotelini na kwadi kuvuka barabara kuu ya kuelekea Ukunda anavunja sheria, na mtu mzima aliyempa mashine hiyo hana pa kujificha.

Tangu marekebisho ya 2012, sheria hiyo inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Usitafute mwanya wa kusema kwamba kwadi ina magurudumu manne. Vaa.

Je, ndani ya shamba la mtu au uwanja wa hoteli? Huko wajibu wa mwenye mahali na wa mzazi haukomi. Ile karatasi uliyotia sahihi, inayosema kwamba umekubali hatari zote, aghalabu humlinda mwenye biashara. Haimlindi mtoto. Isome yote, na kama huna wakati wa kuisoma, huna wakati wa kupanda.

Zingatia pia mahali penyewe. Ufukweni kuna watu wanaoota jua, wavuvi na watoto wanaojenga nyumba za mchanga. Katika fuo kama za Watamu kasa hutaga mayai yao mchangani, na gurudumu huyaponda. Ndani ya mbuga na hifadhi za baharini, fuata amri za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kabla hujatoa pesa

Muulize mwenye mashine maswali haya, na usione haya kumuuliza:

1. Mashine hii ni ya umri gani? Akuonyeshe kibandiko.

2. Je, ina bima, na bima hiyo inamhusu mwendeshaji?

3. Je, ina kidhibiti mwendo, na kimewekwa kilomita ngapi kwa saa? Mashine nyingi za watoto huwa nacho, na nyingine zina kamba ambayo msimamizi akiivuta injini huzima. Mwambie aijaribu mbele yako.

4. Mafunzo huchukua muda gani? Dakika tatu hazitoshi. Anayeanza anahitaji uwanja tambarare, azunguke polepole, asimame, akate kona kulia na kushoto, arudie mpaka mwalimu aridhike.

5. Nani atatangulia, na nani atafuata nyuma? Kiongozi mmoja mbele ya wageni kumi haoni anayeanguka mwishoni.

6. Mtu akiumia atapelekwa hospitali gani, na kwa gari gani?

Swali hilo la sita huwashangaza wengi, lakini lifikirie. Ukiwa Diani, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni ile ya Msambweni. Mgonjwa akihitaji kupelekwa Mombasa, lazima avushwe kwa feri ya Likoni au azungushwe kwa barabara ya Dongo Kundu. Kwa anayevuja damu ndani ya kichwa, kila dakika ya safari hiyo ina thamani.

Halafu ikague mashine mwenyewe. Bonyeza breki zote. Tazama kama magurudumu yana upepo sawa. Bonyeza kijiti cha mafuta injini ikiwa imezimwa, kisha ukiachilie. Kikikawia kurudi, usiipande.

Mavazi

Helmeti iwe ya pikipiki, yenye alama ya ubora ya KEBS au ya kimataifa, wala si ya baiskeli na si kofia ya mjenzi. Ivae, ufunge mkanda, kisha mtikise mtoto kichwa. Ikicheza, ni kubwa. Iliyopasuka au iliyokwisha kuanguka kwa kishindo haifai tena. Watu wengi huikataa kwa sababu ya jasho la waliotangulia. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kubeba kitambaa safi au kofia nyembamba ya kuvaa ndani, si kwenda kichwa wazi.

Funika macho kwa miwani ya kinga, kwa maana vumbi na vijiti huruka. Vaa viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, suruali ndefu, mikono mirefu na glavu. Malapa yaache chumbani. Leso, shela, mtandio na nywele ndefu zilizoachiliwa huweza kunaswa na magurudumu, basi zifungwe au zivuliwe. Jihadhari na eksozi, ambayo huchoma mguu ulio wazi hata baada ya injini kuzimwa. Mwenye ugonjwa wa pumu asiwe nyuma ya msafara katika vumbi, na dawa yake iwe mfukoni.

Unapoendesha

Kata kona polepole ukiegemea upande wa ndani. Panda kilima moja kwa moja, mwili mbele, wala usikikate kwa ubavu. Kama huoni upande wa pili wa kilima, usikipande. Ukiteremka, tumia gia ndogo na ukae nyuma. Acha nafasi kati yako na aliye mbele. Rudi kabla giza halijaingia.

Na pombe? Chupa mbili za chakula cha mchana zatosha kuharibu kipimo chako cha kona. Ukinywa, siku hiyo uwe mpiga picha.

Ajali ikitokea

Kwanza zima injini. Kama mtu amelaliwa na mashine, iteni watu kadhaa muinyanyue kwa pamoja na kwa uangalifu. Msimburute kutoka chini yake.

Akishatolewa, asisogezwe ovyo, kwa maana huenda ameumia shingo au uti wa mgongo. Mtu mmoja akishike kichwa chake kisigeuke. Helmeti isivuliwe, isipokuwa kama inazuia pumzi. Panapotoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachilia. Asipewe maji wala chakula, kwani huenda akahitaji upasuaji. Piga simu 999 au 112, ama 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Aliyegongwa kichwa apelekwe hospitali hata kama anaongea. Kama daktari amemruhusu kurudi, mwangalie kwa siku mbili. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akilalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, akisema maneno yasiyoeleweka, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mrudishe mara moja. Vivyo hivyo kwa tumbo: maumivu yanayoongezeka, au maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa, yaweza kuwa dalili ya bandama iliyopasuka.

Jibu lako

Tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Watu huutumia kufunga mazungumzo. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote, na ajali nyingi kati ya hizo zina sababu zinazojulikana: kasi, pombe, kichwa kisichofunikwa, chombo kisichomfaa aliyekikalia. Yote hayo yana kinga.

Basi turudi langoni, ambako kijana wako amekushika mkono. Mweleze kwamba hujamkataza kwa kuwa yeye ni mwoga au mjinga. Mashine hiyo imetengenezwa kwa mwili mkubwa kuliko wake. Mwonyeshe kibandiko akisome mwenyewe. Kisha mkodishie baiskeli, au mpeleke kuogelea. Atanuna mpaka saa sita mchana. Jioni atakuwa amesahau, na mtarudi nyumbani hesabu ya watu ikiwa ile ile mliyotoka nayo.